Mjadala: Mashine nzima, mfumo unaikataa. Sheria iingie kati au tuliachie soko?

mchora_ramani (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naleta suala la kompyuta za kazi nzito, zile HP Z440 na wenzake. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au ya AMD inayolingana nayo. Z440 ilitoka 2014 na prosesa za Intel ziitwazo Xeon E5, kwa hiyo haimo kwenye orodha. Wachora ramani na wahariri wa video wanaipenda kwa sababu ikiwa mtumba bei yake inashikika, inabeba RAM hadi GB 128, na haichoki.

Sasa niambieni: kilaptopu chenye prosesa dhaifu ya Celeron N4020, koa mbili (sehemu za prosesa zinazopiga kazi), RAM GB 4, kinakubaliwa. Xeon ya koa nane inakataliwa. Basi tatizo si nguvu. Na msiniambie ni usalama mtupu, maana 2021 Microsoft waliipitisha chipu ya kizazi cha 7, Core i7-7820HQ, iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta yao wenyewe. Mstari ukisogea kwa ajili ya bidhaa yako, nami nina haki ya kuuliza kwa nini usisogee kwa ajili yangu.

Msimamo wangu: mwenye mfumo aninyime madoido mapya akitaka, ila viraka vya usalama asininyime. Ulaya tangu Juni 2025 simu lazima zipate masasisho kwa miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa. Kompyuta hazimo. Sisi Afrika Mashariki tudai ziwemo.

fundi_wa_mtaa
Mkuu mbona unajitesa. Flashi, Rufus (programu ya kuruka hayo masharti), chai moja, window 11 imekaa. Mteja anaondoka anacheka.

mlinzi_wa_data
Fundi, huyo mteja umemwambia kwamba Microsoft hawamhakikishii masasisho? Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilipoanza kudai POPCNT na SSE4.2 (amri zilizojengwa ndani ya prosesa), mashine za zamani za Core 2 Duo zilizopenyezwa kwa ujanja huohuo hazikuweza hata kuliwasha. Xeon ya mleta mada inazo hizo, sawa, lakini kesho watadai kingine.

Na wewe mleta mada, usalama usiudharau. Windows 11 inalinda kiini cha mfumo kwa kukitenga, na prosesa mpya zina njia ya kufanya hivyo bila kupoteza kasi. Chipu za 2014 hazina, zinaigiza kwa programu na kazi inazorota. Halafu kila draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani unayotaka itunzwe inahitaji mtu wa kuijaribu. Huyo mtu analipwa na nani?

mchora_ramani
Analipwa tayari! Ofisi inayotaka kuendelea kupata viraka vya Windows 10 inalipa dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, bei inazidishwa mara mbili kila mwaka, hadi miaka mitatu. Jumla dola 427. Maana yake viraka vinaandikwa, vinajaribiwa, viko ghalani. Nani atalipa 427 kwa mashine ya mtumba?

Watumiaji wa nyumbani walipewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026: lipa dola 30, au toa pointi 1,000 za Rewards (zawadi za Microsoft kwa watumiaji wake), au hifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao. Euroconsumers, watetezi wa walaji wa Ulaya, walipolalamika, watu wa Ulaya wakaondolewa masharti hayo, wakabaki na kuingia kwa akaunti tu. Kumbe kelele inasaidia.

wa_luthuli
Mnawaonea Microsoft peke yao. Apple nao: Mac Pro, kompyuta yao ya kazi nzito yenye prosesa ya Intel, ilianza kwa dola 5,999 na iliuzwa hadi Juni 2023. Mfumo wao wa macOS Tahoe wa 2025 ndio wa mwisho kwa Mac za Intel. Mimi nilihamia Linux, mfumo wa bure, Xeon yangu inapumua vizuri.

mchora_ramani
AutoCAD na Revit, programu zetu za kuchorea, hazina toleo la Linux, ndugu yangu. Mteja anataka faili lake la Revit, si falsafa yangu.

mlinzi_wa_data
Na Linux nayo ina mwisho. Debian 13, aina mojawapo ya Linux, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, zile za zamani zaidi. Ila hapo nakiri, walizitunza miaka mingi.

Kuhusu sheria ya kanda, utaisubiri sana. Anzeni na tenda za serikali na shule: asiyeandika tarehe ya mwisho wa viraka asishinde. Hilo halihitaji bunge.

mchora_ramani
Kwa tenda naunga mkono. Lakini anayenunua Kariakoo hajui tenda. Muuzaji amwandikie tarehe hiyo kwenye risiti.

fundi_wa_mtaa
Tukiandika hiyo, mkuu, nani atanunua?