Wakuu naomba ushauri: nihamishe API ya ushirika kutoka JSON kwenda XML?

Mwana_Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nimetengeneza mfumo mdogo kwa chama cha msingi cha kahawa. Karani akishapima kahawa ya maganda anaingiza kwenye simu, simu inatuma kwenye seva, halafu mhasibu anavuta data kupitia API, yaani mlango ambao programu zinapeana data. Kwa sasa zinakwenda kwa JSON, nataka nihamie XML, zote ni namna za kupanga data kwa maandishi. Waliowahi kufanya hivyo wanishauri: ni salama zaidi? Na kwa mtandao wa huku mlimani, haitaelemea? Naomba mnijibu mapema, nina presha kweli.

Chalii_Sakina
XML tena, chalii wangu? Hiyo kitu ni ya 1998. Nenda GraphQL, lugha ya kuulizia data kwenye API. Facebook waliiachia watu wote tangu 2015, mteja anaomba anachokitaka tu na bando linapona. Usirudi nyuma.

Mzee_wa_Marangu
Nimefurahi kuona kijana anahangaikia kahawa. Wanangu wameng'oa mibuni ya babu yao wamepanda parachichi, na siwalaumu, bei ndiyo inayosema. Hayo ya XML siyajui. Ninachouliza ni mzani: Wakala wa Vipimo wameukagua? Mzani ukipunja, hata uandike kwa wino wa dhahabu mkulima ameshaibiwa.

Mwana_Kibosho
Shikamoo mzee. Mzani umekaguliwa, stika ipo. Shida yangu ni fomati tu.

Dada_wa_Njiro
XML haijafa jamani. Ujumbe wa malipo wa ISO 20022, ambao mabenki wanatumiana, ni XML hadi leo. Lakini mdogo wangu, JSON imekukosea nini? Mtu hahami nyumba isiyovuja.

Mwana_Kibosho
Haijanikosea kitu kikubwa dada. Nimesoma kwamba XML ina skima, yaani kanuni za kila kipengele kiweje, inakagua data kabla haijaingia. Halafu nimeshaandika karibu nusu yake, na katibu wa chama nimeshamwambia inakuja. Kurudi nyuma sasa hivi ni aibu.

Dada_wa_Njiro
Skima hata JSON inayo, inaitwa JSON Schema, na ukiandika maelezo ya API yako kwa OpenAPI kila kipengele kinatajwa ni cha aina gani. Kwa hiyo hiyo siyo sababu. Kuhusu uzito, XML inaandika jina la kipengele mara mbili, kufungua na kufunga, ndiyo maana inavimba. Ukiwasha gzip, ya kubana data, kwenye seva, tofauti hiyo inapungua sana. Bando nalo siyo sababu. Sema kilichotokea.

Kijenge_Juu
Ngoja niwape yangu wakati anajipanga. Nilikuwa kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Wakala wa Marekani anatuma booking kwa API, tarehe ya kufika wageni imeandikwa 07/04. Kwao ni Julai 4, mfumo wetu ukasoma 7 Aprili. Dereva kaenda uwanja wa ndege wa KIA na kibao chenye majina ya wageni, masika inamwagika, kasimama hadi ndege imeondoka. Kupiga simu, wageni wako kwao wamelala. Tangu siku hiyo sipokei tarehe yoyote isipokuwa kama 2024-07-04, mwaka-mwezi-siku, kwa kiwango cha ISO 8601. Na saa naandika 08:00+03:00. Kuna kijana aliweka "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, mashine ikaelewa saa nane za usiku.

Chalii_Sakina
Dereva angepiga picha na kibao chake 😂

Mwana_Kibosho
Sawa, nitasema. Kuna wazee wawili, wanachama wetu, mtu na shemeji yake. Kwenye mfumo wamekuwa mtu mmoja. Kilo za huyu zimeingia kwa yule, na malipo ya pili yanaandaliwa wiki hii. Nilipoangalia, namba zao za NIDA, za kitambulisho cha taifa, zinaishia na sifuri, zote mbili, na zimefanana. Kwenye daftari la karani hazifanani. Ndiyo nikasema JSON inaharibu data, nihame. Msiniambie nirudi, uamuzi wa XML ni sahihi: nimejaribu rekodi hizo hizo kwa XML na namba zimebaki kama zilivyo.

Pare_Juu
Wadau, mnachezewa. Tuko Machi. Kahawa ya Kilimanjaro inachumwa kuanzia Julai hivi hadi mwisho wa mwaka, huyu karani anapima nini saa hizi? Na wazee wawili ambao ni mashemeji namba zifanane? Hili ni swali la mtihani, mwalimu kawapa kisa na mkipe majibu. Kila muhula wanakuja humu.

Chalii_Sakina
Hata mimi nilihisi. Toa jina la chuo tukusaidie vizuri.

Mwana_Kibosho
Nimesema malipo ya pili, kaka. Mkulima anapewa ya kwanza akileta kahawa, ya pili inakuja baada ya mnada na hesabu kufungwa. Kilo ni za msimu uliopita. Na hao wazee hawajui siku waliyozaliwa. Waliandikishwa siku moja, kata moja, wote wakawekewa Januari mosi ya mwaka mmoja. Namba zao zinaachana mwishoni kabisa. Ukiona ni hadithi, pita.

Mzee_wa_Marangu
Hilo la Januari mosi ni kweli tupu. Nyumba yetu tuko watatu.

Fundi_Seva
Kisa ni cha kweli, na hata kingekuwa cha kutunga ugonjwa wake upo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Umeituma bila alama za kunukuu, kwa hiyo ni namba, na seva yako nadhani imeandikwa kwa lugha ya JavaScript. Namba za kawaida za JavaScript zina uhakika wa kila tarakimu hadi 9007199254740991 tu, yaani tarakimu 16. Zaidi ya hapo inakadiria, na mkia unasomeka sifuri. Fungua kivinjari, nenda kwenye konsoli, andika 9007199254740993 na ubonyeze Enter. Itakujibu 9007199254740992. Umeona kosa liko wapi?

Mwana_Kibosho
Nimeona sasa hivi. Lakini nilipojaribu kwa lugha nyingine, Python, kabla ya kuzindua, ilisoma sawasawa.

Fundi_Seva
Python inabeba namba nzima ya urefu wowote. JSON ni ileile, wasomaji wawili, majibu mawili. RFC 8259 ya 2017, waraka wa kanuni za JSON, imelionya hili: namba nzima ikivuka kiwango hicho, usitegemee kila mfumo utaisoma sawa. Kwenye XML umepona kwa sababu kule kila kitu kinaanza kama maandishi. Siku mhasibu akigeuza kile kipengele kuwa namba, wazee wako wanaungana tena. Hata Excel inashika tarakimu 15 tu, na namba ya simu inayoanza na 0 inaitupa ile sifuri.

Weka alama za kunukuu: "nida": "1960…". Kitu usichokijumlisha wala kukizidisha, kitume kama maandishi. Simu nayo, "+255…".

Dada_wa_Njiro
Na mimi nisingeipitisha NIDA kwenye API kabisa. Mpe kila mkulima namba ya uanachama, mhasibu aone hiyo. NIDA ibaki ndani ya kanzidata kwa ajili ya uhakiki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wazee hao hawakukupa namba zao ili zizunguke kwenye simu za watu.

Mwana_Kibosho
Na kazi ya XML niliyofanya?

Fundi_Seva
Iache kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya kodi. Benki ikikudai XML siku moja, utakuwa na pa kuanzia. Kwa sasa una simu moja na mhasibu mmoja, JSON inatosha. Swali gumu ni hizi rekodi zilizokwishaingia. Kwenye kanzidata mkia umepotea, hakuna programu ya kuurudisha.

Mwana_Kibosho
Daftari la karani lipo lote, pamoja na stakabadhi. Nimempigia, anakuja kesho tulinganishe mstari kwa mstari, tuanze na kila namba inayoishia sifuri tatu. Katibu nimemwomba asimamishe orodha ya malipo hadi tumalize, amekubali kwa shingo upande. La mwisho: kilo naandika 42.5 au vipi?

Fundi_Seva
Gramu, namba nzima: 42500. Kipengele kiite "uzito_gramu" ili asitokee wa kuuliza. Fedha nazo shilingi nzima, na uandike TZS pembeni.

Pare_Juu
Haya, nimekubali siyo mtihani. Ukimaliza kulinganisha leta majibu humu, kuna chama huku Same nadhani kina ugonjwa huo huo.