Saa au waliokimbizana naye? Ugomvi wa Bulldog Hanover na Somebeachsomewhere

MtunzaFarasi_Lexington

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi natunza farasi hapa Lexington, Kentucky. Wakongo tuko wengi mji huu, na baadhi yetu tuliotokea kambi ya Nyarugusu kazi ya kwanza tuliyoipata ilikuwa mabandani. Farasi wangu si wale wa kupandwa mgongoni, ni wa kigari: dereva anakaa nyuma kwenye kiti cha magurudumu mawili, na farasi haruhusiwi kupiga shoti. Akipiga shoti, dereva lazima amvute mpaka arudi kwenye mwendo wake, na hapo wenzake wanampita.

Sasa shida yangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna jamaa wawili niliozoea kula nao mchana. Siku hizi hawasalimiani, na chanzo ni farasi ambao hata si wao. Mmoja ni wa Bulldog Hanover, mwingine ni wa Somebeachsomewhere, ambaye huku tunamwita Beach tu. Wa Bulldog hoja yake ni saa: Julai 2022, Meadowlands kule New Jersey, maili moja kwa 1:45.4. Farasi wa kigari hajawahi kutokea kabla yake aliyekwenda kasi hiyo. Wa Beach anajibu kwamba Beach alikimbia mara 21 akashinda 20, na ile moja, mashindano ya Meadowlands Pace ya 2008, farasi Art Official alimpita kwa pengo dogo sana.

Kubishana ni haki yao. Kinachoniuma ni matusi. Mtu ambaye hajawahi kumfunga farasi bandeji mguuni anaandika eti Beach alikuwa mwoga kwa sababu hakupelekwa kwenye Little Brown Jug, shindano kubwa la farasi hawa, mwaka 2008. Farasi hajipangii ratiba! Halafu matusi yanahamia kwa madereva, kwa makocha, mpaka kwetu sisi tunaoamka usiku kuwalisha.

Naomba mnisaidie kwa hoja: farasi wawili ambao hawakuwahi kukutana uwanjani mnawapimaje?

Naomba kuwasilisha.

Lori_la_Milton

Ndugu yangu, mimi ni Mkenya, naendesha lori huku Ontario, na Jumamosi jioni nikiwa sina safari utanipata Mohawk Park, uwanja wa mbio za farasi pale Campbellville. Mimi ni wa Bulldog na sijifichi. Mmoja wa wenye farasi huyo, Jack Darling, ni mtu wa Ontario hapa hapa. Mwaka 2022 farasi huyo alichaguliwa kuwa Farasi wa Mwaka Canada na Marekani pia.

Hebu piga hesabu. 1:45.4, na hiyo .4 ni sehemu nne za tano za sekunde, kwa hiyo ni sekunde 105.8 kwa maili nzima. Ni karibu kilomita 55 kwa saa, na nyuma kuna mtu mzima na kigari. Mimi na lori langu katikati ya mji siruhusiwi kwenda hivyo!

Saa haina upendeleo. Rekodi za 20 kati ya 21 zinategemea ulikutana na nani. Na kuna jambo watu wa Beach hawapendi kulisikia: baba yake Bulldog ni Shadow Play. Shadow Play ndiye aliyeshinda hiyo Little Brown Jug ya 2008 ambayo Beach hakwenda. Baba alikwenda Delaware, Ohio, kwenye njia ya nusu maili yenye kona kali, akakimbia mara mbili siku moja na kombe akalichukua. Mtoto naye akaja kuvunja saa. Mnataka nini tena?

Shangazi_wa_Solvalla

Wanangu, hamjambo. Nimeishi Stockholm tangu wanangu wakiwa wadogo, na watu wa kazini ndio walionivuta Solvalla, uwanja wa mbio za farasi wa huku. Ruhusuni shangazi aseme.

Nyote wawili mnagombania farasi wa pesi, yule anayetupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma. Wengi wao wanafungwa zile kamba za mapajani zinazowasaidia wasipoteze mwendo. Huku Sweden mashindano ni ya troti: mguu wa mbele wa kulia unakwenda na wa nyuma wa kushoto, na hakuna kamba inayomshikilia. Ni mafunzo na utulivu wa farasi mwenyewe. Ndiyo maana shabiki wa troti akisikia 1:45.4 hashtuki sana. Mwaka 2018, tena hapo hapo Lexington kwako, Homicide Hunter alikwenda 1:48.4 kwa troti. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko ya Bulldog.

Na msidhani huku kuna amani. Jumapili ya mwisho ya Mei ni Elitloppet, shindano kubwa la Solvalla. Wanaalikwa farasi 16, wanagawanywa makundi mawili ya wanane, wanne bora wa kila kundi wanarudi fainali siku ile ile. Wanorwe wanakuja na bendera zao, Wafini na zao, na wiki nzima kabla ya hapo watu mtandaoni wanararuana: nani avuliwe viatu vya chuma, nani kapewa nafasi mbaya kwenye mstari, nani kapendelewa kwenye mwaliko. Wasweden nao wanahesabu muda kwa kilomita, si kwa maili, kwa hiyo Mmarekani akiingia na namba zake kila mtu anamwona mwongo mpaka apatikane wa kugawanya.

Kipimo changu ni kimoja: ukishashinda mchana, unaweza kurudi jioni na jasho limekukauka ukashinda tena? Maili moja peke yake hainiambii hilo.

MtunzaFarasi_Lexington

Shangazi, shikamoo, na asante. Kaka wa lori, nimekuelewa, lakini hapo kwa Shadow Play umeacha kitu. Mwaka huo huo wa 2008 Beach alikwenda Flamboro Downs, hapo hapo Ontario kwako, njia ya nusu maili, akashinda Confederation Cup. Kwa hiyo neno la kwamba aliogopa kona liondoke kabisa mezani.

Sasa niseme ninachokiona mimi kila siku. Saa inapima farasi pamoja na alichokikanyaga. Njia yetu ya Red Mile ipo tangu 1875, ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, maili kamili, kona mbili tu. Asubuhi gari la maji likishapita na jua likapiga kidogo, udongo unakuwa mgumu kiasi na unanyumbuka kiasi. Ukimrudisha farasi bandani, ukiinua kwato unakuta udongo umekaa bapa ndani ya kiatu, haujapasuka. Siku hiyo hata farasi wa kawaida anapunguza sekunde. Mvua ikinyesha usiku, ule ule udongo unashika mguu, na farasi yule yule anaongeza sekunde tatu bila kosa lolote. Upepo nao ukivuma kwenye mnyoofu wa nyuma, anayeongoza anaubeba wote, aliyejificha nyuma ya kigari cha mwenzake anapumzika. Haya hayaandikwi pembeni ya 1:45.4.

La pili ni umri. Bulldog alikuwa na miaka 4. Beach alipokwenda 1:46.4 hapa Red Mile, Septemba 2008, alikuwa na miaka 3, na mwisho wa mwaka huo akastaafu. Farasi wa miaka 3 mifupa yake bado inakomaa. Mimi asubuhi nikipitisha kiganja kwenye kano za mguu wa mbele kutafuta joto, wa miaka 3 na wa miaka 4 nawatofautisha hata gizani. Kumwomba wa miaka 3 sekunde moja zaidi ni kumwomba kitu kikubwa sana.

Kwa hiyo mimi nasimama na Beach. Alinunuliwa mnadani hapa hapa Lexington kwa dola 40,000, bei ambayo kwa farasi wa daraja lile ni ndogo, na watu wa Truro, Nova Scotia. Leo kuna damu yake kwenye banda ninalofanyia kazi kupitia mwanawe Captaintreacherous. Kaka wa lori asininunie.

Lori_la_Milton

Siwezi kukununia, bro. Hoja ya umri ni nzito, nitaitafutia jibu nikiwa barabarani. Flamboro nimeikubali, sitarudia lile neno. Lakini Bulldog bado ni wangu, na saa bado inasema 1:45.4.

Mashindano makubwa ya hapo kwenu ni mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, sivyo? Nikipata mzigo wa Kentucky, nisimame wapi nione vizuri?

MtunzaFarasi_Lexington

Ndiyo, wakati huo ndipo Kentucky Futurity, shindano la troti, pia inakimbiwa. Usikae jukwaani. Shuka mpaka kwenye uzio, karibu na wanapotokea kona ya mwisho, usikie madereva wanavyoitana kuomba nafasi. Na uwaambie hao jamaa zangu wawili waje na wewe, mimi wameshanichoka.