Tupeane uzoefu: kazi za ratiba kwenye wingu, programu moja vigezo tofauti

Wakuu, naanza na yangu. Nilikuwa na skripti (programu fupi) ya kuandaa ripoti ya mteja kila usiku. Alipokuja mteja wa pili nikainakili na kubadilisha jina ndani. Wakafika saba, skripti saba. Siku nilipogundua kosa kwenye hesabu ya punguzo, nilirekebisha sita. Wa saba aliletewa takwimu mbovu wiki tatu nzima, na ni yeye aliyenipigia simu. Iliniuma sana. Sasa programu ni moja, ratiba ndizo saba, kila moja inabeba vigezo vyake, yaani kitambulisho cha mteja na aina ya ripoti, kwa JSON (maandishi ya jina na thamani yake). Cloud Scheduler ya Google (huduma ya wingu ya kuwasha kazi kwa ratiba) inaruhusu hivyo, EventBridge Scheduler ya AWS (wingu la Amazon) pia. Nyie mnafanyaje?

Mchangiaji wa 2: Ongeza na tarehe, mkuu. Programu yangu ilikuwa inatazama saa ya seva kujua "leo" ni lini. Ikaanguka saa tano usiku, nikaiwasha asubuhi, ikatoa ripoti ya siku mpya iliyokuwa na saa chache tu, na ya jana ikabaki pengo. Siku hizi tarehe inaingia kama kigezo. Nikitaka kurudia siku yoyote naitaja tu. Na ukanda wa saa uandikeni wazi, maana usipotajwa mara nyingi ratiba inafuata UTC (saa ya kimataifa), si saa ya kwenu.

Mchangiaji wa 3: Mimi nilituma ankara mara mbili kwa watu walewale. Nilidhani ratiba ikisema mara moja ni mara moja, kumbe ahadi ni kwamba kazi itafika *angalau* mara moja. Vigezo ndivyo vilivyonisaidia: naunganisha mteja, aina na tarehe kuwa ufunguo mmoja usiojirudia kwenye jedwali. Kazi ikija na ufunguo ambao tayari umeandikwa "imekamilika", inaishia hapo. Ukiwa "imeanza" tu, naenda kuangalia kwa macho yangu.

Mchangiaji wa 4: Nywila isipite kwenye vigezo jamani. Vinaishia kwenye logi (kumbukumbu za programu), na logi zinasomwa na wengi.

Mchangiaji wa 5: Lambda (huduma ya AWS ya kuendesha programu) inakata kazi ikifikisha dakika 15, na mteja wangu mkubwa alikuwa anazidi hapo. Nilimgawa: ratiba nne, kila moja na kipande chake cha namba za akaunti, zikipishana dakika 5 ili hifadhidata isizidiwe. Kila moja inamaliza kabla ya dakika 8 tangu ianze.