Malalamiko: Mgahawa wa ukanda wa zabibu Dodoma umetuuzia mvinyo uliochacha, kisha ukatuambia ndivyo mvinyo wa Dodoma ulivyo

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu kulalamikia mgahawa ulioko katika mji mdogo mmoja wa ukanda wa zabibu, mkoani Dodoma. Jina lake silitaji kwa sasa, kwa kuwa nimempelekea mwenye mali barua na ninasubiri majibu yake. Hata hivyo, yaliyotupata pale mezani siwezi kuyanyamazia, kwa sababu mgahawa huo unajinadi kwa zabibu za Dodoma kuanzia kwenye kibao cha barabarani hadi kwenye vitambaa vya meza, lakini ukiagiza kinywaji kinachotokana na zabibu hizo unaletewa kitu ambacho mwenye nyumba muungwana angekimwaga kabla mgeni hajakiona.

Tulikwenda mwezi wa Agosti, wakati wa mavuno ya kiangazi. Wanaoifahamu Dodoma wanajua kwamba mzabibu wa huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, na kwamba msimu ukifika zabibu hupangwa kando ya barabara kwenye ndoo na masinia. Nilikuwa na mke wangu pamoja na shemeji yangu anayeishi Dar es Salaam, ambaye alipanda treni ya SGR makusudi aje aone nchi inayolima zabibu. Nilikuwa nimemwahidi kuku wa kienyeji kwa ugali wa mtama na mlenda, na Chenin Blanc (mvinyo mweupe) ya Dodoma iliyo kavu na ya baridi, ili aache kuamini kwamba mvinyo wetu wote ni ule mtamu na mzito ambao watu huunywa kwa ajili ya kulewa haraka.

Menyu ilikuwa nzuri kuisoma. Ukurasa wa nyuma ulisimulia jinsi wamisionari wa Kikatoliki walivyoleta mzabibu, ukaitaja misheni ya Bihawana, ukakitaja kituo cha utafiti cha Makutupora na zabibu nyekundu inayobeba jina hilo. Ukurasa wa mvinyo wenyewe ulianza na chupa za Afrika Kusini, zikafuata za Hispania na Chile, baadhi zikiwa na bei za dola, ilhali kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Mvinyo wa Dodoma ulipewa mstari mmoja, chini ya maji ya chupa: "Mvinyo wa hapa, glasi, 18,000." Haikutajwa ni zabibu gani, ni kiwanda gani, wala kama ni mkavu au mtamu. Nilipomuuliza binti aliyetuhudumia, alijibu kwa adabu, "Samahani baba, sisi tunaujua kama mweupe na mwekundu tu." Simlaumu hata kidogo. Kosa ni la aliyemwajiri akamkabidhi trei bila kumweleza anachouza.

Glasi zilipofika, mweupe ulikuwa na joto la chumba, na wote mnajua chumba cha Dodoma saa nane mchana kina joto gani. Rangi yake ilikuwa imegeuka kahawia kama chai ya rangi, na harufu ya siki ilitufikia kabla glasi haijagusa mdomo. Nilinyanyuka kwenda kaunta, nikaiona chupa yenyewe imesimama kwenye rafu inayopigwa na jua la dirishani, mdomo wake umezibwa kwa kipande cha tishu. Mvinyo ukishafunguliwa, hewa huanza kuuharibu, na bakteria huibadilisha pombe yake kuwa asidi ileile inayoifanya siki iwe siki. Mweupe uliozibwa vizuri na kuwekwa kwenye friji huvumilia siku chache tu, na wenye tishu na jua hauna hata hizo chache. Friji lilikuwepo, tena kubwa, limejaa bia, soda na zile chupa za Afrika Kusini, zikiwa zimelazwa kwa heshima zote.

Meneja alikuja, kijana nadhifu, akaonja kidogo, akaniambia, "Mzee wangu, mvinyo wa hapa ndivyo ulivyo. Wageni wetu wanaojua mvinyo huwa wanaagiza wa Afrika Kusini."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Glasi moja mbovu ningeisamehe, kwa kuwa chupa huharibika popote duniani, na mgahawa wenye akili huibadilisha bila maneno. Huyu aliharibu mvinyo kwa uzembe wake mwenyewe, kisha akausingizia mzabibu na mkulima aliyeupanda. Dodoma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kikavu, usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti una baridi ya kutosha kumtafutisha mtu sweta, na kwa miaka mingi sasa wako watengenezaji wanaotoa mvinyo mkavu mweupe na mwekundu ambao ukinywewa katika hali yake hauhitaji kuombewa radhi. Ushahidi tulikuwa nao. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumepita kiwandani, tukaonja Chenin Blanc iliyotoka kwenye ubaridi, safi, yenye uchachu wa kupendeza wa tunda, na tukanunua chupa ambayo ilikuwa ndani ya gari kwenye kasha la barafu.

Nilimwomba meneja atufungulie chupa hiyo, aonje mwenyewe, na nikamwambia kwamba niko tayari kulipa ada ya haki, kwa kuwa mwenye mgahawa ana glasi za kuosha na watu wa kulipa. Alinionyesha tangazo ukutani: vyakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Nilipomsihi, akasema itakuwa shilingi 30,000 kwa kuing'oa kizibo, kiasi kinachozidi bei niliyoinunulia chupa yenyewe. Kwa hiyo mvinyo uliotengenezwa mwendo mfupi tu kutoka mlangoni pake hauingii, na ule uliosafiri kutoka Afrika Kusini unalazwa kwenye friji.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Ugali wa mtama na mlenda "leo havipo". Kuku wa kienyeji tuliyeambiwa atachukua nusu saa alichukua karibu saa mbili, na alipofika mezani, mke wangu, ambaye amefuga kuku maisha yake yote, alishika paja mara moja tu akasema huyu ni wa kisasa. Matunda ya mwisho wa mlo yalikuwa ya kopo. Katika mwezi wa mavuno ya zabibu! (Shemeji yangu alicheka hadi akatoa machozi, mimi sikuweza.)

Bili nayo ina lake. Glasi zote tatu zilihesabiwa, ingawa mbili zilirudi zikiwa zimejaa. Juu ya bei za menyu iliongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18, na juu ya jumla hiyo ikaongezwa asilimia 10 ya huduma, ilhali menyu haikutaja nyongeza yoyote kati ya hizo. Nililipa, nikaomba risiti, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na nilipodai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, nikaambiwa mtandao una shida. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti hiyo na inamtaka mnunuzi aidai, nami niliidai mbele ya mashahidi. Sasa ninauliza: ikiwa nimetozwa asilimia 18 kwa jina la serikali, na mauzo hayakuingia kwenye mashine, fedha hiyo imekwenda wapi?

Najua wapo watakaosema kwamba mgahawa ni wa mtu binafsi na nisiporidhika nihame. Wafikirie mkulima. Zabibu mbichi haingoji soko. Iko misimu ambayo wakulima wa mkoa huu wameshuhudia mazao yakiozea mikononi mwao kwa kukosa mnunuzi. Serikali imekubali kuutoza mvinyo wa zabibu za ndani ushuru mdogo sana kuliko ule unaotoka nje, ili chupa yetu iweze kushindana. Unafuu huo una faida gani, ikiwa mahali pa kwanza ambapo mgeni anaonja mvinyo wetu ni kwenye glasi iliyochacha, na anayemnywesha anamwambia kwamba ndiyo asili yake? Shemeji yangu angekuwa hakupita kiwandani asubuhi, angerudi Dar es Salaam akiwa shahidi wa uongo huo, na wanaoshuka kwenye treni kila wiki bila mwenyeji wa kuwapeleka kiwandani ni wengi.

Katika barua yangu nimemtaka mwenye mali mambo matatu: anirudishie fedha za glasi mbili tulizozirudisha, anipe risiti halali ya EFD, na aandike kwenye menyu jina la mvinyo wa Dodoma anaouza pamoja na mtengenezaji wake, ili mnywaji ajue anachonunua. Akikaa kimya hadi mwisho wa mwezi bila kunijibu, nakala ya bili na barua vitakwenda TRA na Tume ya Ushindani, na jina la mgahawa nitaliweka hapahapa.

Wakati ninasubiri, ninaomba wenyeji wa Dodoma mnitajie mgahawa wowote nje ya jiji unaouza mvinyo wa hapa kwa chupa, ukiwa wa baridi, kwa bei iliyoandikwa kwa shilingi. Shemeji anarudi Februari.