Datsun 240Z ya marehemu baba: nilisema ifunguliwe, wao wameibomoa

Wadau, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Jana asubuhi nilikwenda gereji moja hapa Mombasa, kwa fundi niliyemkabidhi gari la marehemu baba miezi kumi na minne iliyopita. Makubaliano yalikuwa alifungue lote, tulifanye upya kuanzia bati tupu. Nilipofika nikaonyeshwa ndoo. Ndoo ya rangi, ile ya lita 20, imejaa hadi mdomoni: nati, bolti, washa, skrubu, klipu, springi, vyote vimechanganywa na oili chafu na mchanga. Kijana wa gereji akaniambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi, vitu vyako vyote vimo humu."

Nikaingiza mkono, nikatoa konzi moja. Mlikuwa na bolti za fenda, skrubu za fremu ya kioo, na bolti mbili ambazo si za gari langu kabisa, hesi zake ni nyingine. Maana yake ndoo hiyo ina vitu vya magari ya watu wengine, na huenda vyangu vimo kwenye ndoo zao.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, nambari ya chesisi inaanza na HS30. Kwa wasiolijua, ni lile la milango miwili lenye boneti ndefu inayofunukia mbele, injini ya silinda sita za mstari, CC 2393, kabureta mbili za Hitachi. Aina hii ndiyo iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki, yale mashindano ya magari, mara mbili: 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ile ya 1973 wazee wanaikumbuka, kwa sababu Mehta na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun, walimaliza pointi sawa, ikabidi aangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi.

Baba aliifuata Safari hiyo redioni, Sauti ya Kenya, akiwa kijana asiye na hata baiskeli. Mwaka 1981 akalipata moja Nairobi, mkononi mwa mtu, akaliendesha mwenyewe usiku kucha hadi Mombasa. Tangu siku hiyo, kila akiliegesha alitandika kikoi juu ya dashibodi. Dashibodi za 240Z hupasuka kwa jua, ndiyo tabia yake, na mwenye isiyopasuka huwa na kitu cha kujivunia. Ya baba haikuwa na ufa hata mmoja. Tulimzika mwaka juzi na dashibodi ilikuwa nzima. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Nililipa shilingi 350,000 za mwanzo. Na sikuacha mambo yajiendee. Nilinunua mwenyewe vifuko vya plastiki mia tatu, utepe wa karatasi na kalamu za wino usiofutika. Nikamweleza fundi mkuu: kila kinachotoka kwenye gari kipigwe picha kikiwa mahali pake, kiingie kifukoni, kifuko kiandikwe, na waya zifungwe utepe pande zote mbili kabla ya kuchomolewa. Akasema, "Hilo ni jambo la kawaida kwetu, mzee wangu." Vile vifuko nimevikuta jana juu ya kabati. Pakiti hata haijafunguliwa.

Sasa twende nyuma ya gari, maana hapo ndipo moyo ulipoanza kunienda mbio. Kila gurudumu la nyuma la 240Z lina pini ndefu ya chuma inayopita kwenye mkono wa chini wa suspensheni na kwenye kitako cha shokapu. Ina nati ncha zote mbili, na katikati inashikwa na kabari ndogo. Baada ya miaka hamsini pini hiyo huwa imeshikana na chuma kinachoizunguka. Mtu yeyote aliyewahi kulifungua gari hili atakwambia: toa kwanza kabari ya katikati, lowesha kwa mafuta ya kutu siku kadhaa, kisha uivute pole pole kwa kifaa cha hesi. Huipigi nyundo. Nilimwambia fundi kwa mdomo, halafu nikamwandikia kwenye WhatsApp. Ujumbe ninao, una alama mbili za buluu.

Wameipiga nyundo. Kabari hawakuitoa. Ncha zimefumuka kama uyoga, hesi zimelala, na walipoona haitoki wakachukua grainda wakaikata, pamoja na kipande cha mkono wa kushoto. Nimeushika mkono huo jana. Una mkato wa kung'aa, na ndani yake pini bado imekaa vile vile, haijasogea hata unywele. Yaani wameharibu na kazi yenyewe hawakuifanya.

Injini pia imefunguliwa, ingawa nilisema isiguswe mpaka nije na fundi wa injini ninayemwamini. Juu ya hedi ya injini hii, yaani kichwa kinachofunika silinda, kuna minara inayoshikilia kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Ilitobolewa kiwandani kwa pamoja ikiwa imefungwa juu ya hedi hiyo hiyo, kwa hiyo inatakiwa ibaki ilipo. Ikitolewa ikarudishwa kombo, kamshafti inabana. Wameitoa yote. Roka kumi na mbili, vile vyuma vidogo vinavyosukumwa na kamshafti kufungua vali, ambazo kila moja imelika pamoja na jino lake la kamshafti na lazima irudi pale pale ilipotoka, nimezikuta kwenye karai moja na plagi zilizokufa.

Na dashibodi. Walizifungua bolti za chini, za pembeni wakazisahau, kisha watu wawili wakavuta. Imepasuka kuanzia shimo la saa mpaka pembeni, na upande wa kushoto kipande kama kiganja kimetoka kabisa. Nilipouliza, yule kijana akasema dashibodi za zamani ndivyo zilivyo, huwa zimekwisha kwa jua. Hii haikuguswa na jua, ndugu zangu. Miaka zaidi ya arobaini ilifunikwa kikoi. Nilishindwa kumjibu, nikatoka nje nikasimama barabarani mpaka nilipotulia.

Nikarudi kuiona bodi. Fenda za mbele zimetoka salama kwa sababu zinafungwa kwa bolti tu, hapo sina neno. Lakini 240Z haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi. Ukitaka kukata vizingiti vilivyooza chini ya milango, lazima kwanza uchomelee vyuma vya kukaza katikati ya nafasi ya mlango, la sivyo bodi inalala. Wao wamekata vizingiti vyote viwili kwa pamoja, bila chuma hata kimoja, gari likiwa limekalia matofali manne. Mimi na kijana tulibeba mlango wa kulia tukaujaribu. Juu unagusa, chini kidole gumba kinapita.

Kisha wakalipeleka kupulizwa mchanga. Mchanga unafaa kwa vyuma vinene vya chini. Bati jembamba la paa na milango likipulizwa kwa nguvu ile linajikunja, na wala hulinyooshi likarudi lilivyokuwa. Paa langu sasa, ukiliangalia kwa pembeni, lina mawimbi. Na baada ya hapo, wakaliacha bila praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati. Mwezi wa tano, mvua za masika, gereji yenyewe iko karibu na bahari, na bati tupu limekaa nje wiki tatu. Limekuwa rangi ya chai mwili mzima. Pesa niliyolipa kuondoa kutu imeninunulia kutu mpya, na mchanga bado unamwagika ukiligonga.

Kuna na jambo litakalonisumbua kwa serikali. Kibati cha nambari, kile kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, hakipo. Hakuna anayejua nani alikitoa. Nambari iliyopigwa kwenye ukuta wa injini nayo imefifia kwa ule mchanga, nimeisoma kwa tochi na kuikwaruza kwa kucha. Logbuku ninayo, lakini mkaguzi akija kutazama atatazama nini?

Fundi mkuu alipofika saa sita akanipa maelezo yake. Kwamba kijana aliyelifungua gari hili alikuwa na kumbukumbu nzuri mno, kila kitu alikuwa anakijua kimetoka wapi, ila amepata kazi Qatar na ameshaondoka. Hiyo ndiyo rekodi ya gari langu. Imo kichwani mwa mtu aliye Doha. Halafu akaniomba 200,000 nyingine ili "tuanze kuunga".

Na hapa naomba mafundi mlio humu mnisikilize, maana wengi nawaheshimu na mnanijua. Sikasiriki kwa sababu ya kuchelewa. Gari la 1972 likifunguliwa lote, miaka miwili mitatu si ajabu. Kinachoniuma ni kwamba walilifungua kama watu wasiotarajia kulirudisha. Gari likiingia ajali likauzwa vyuma chakavu, hivyo ndivyo linavyofunguliwa: nyundo, grainda, ndoo. Hili lilikuja likijiendesha lenyewe! Nililiendesha mimi mpaka mlangoni pao, taa zote zinawaka, hata saa ilikuwa inatembea. Kama hawakuwahi kufungua gari la namna hii, wangesema tu hawajawahi. Ningeshukuru, ningelirudisha nyumbani nikalifunika.

Pesa yangu nimeidai yote, pamoja na gharama ya ule mkono na hizo pini. Amesema atafikiri. Chifu wa mtaa nimeshamweleza, na barua ya wakili inaandikwa. Jina la gereji silitaji hapa, msiniulize.

Ninachohitaji kwenu ni mambo mawili matatu. Mwenye mkono wa nyuma wa kushoto wa 240Z au 260Z, au anayejua aliyefungua moja kwa spea, Nairobi, Nakuru, Moshi, popote, aniandikie pembeni. Fundi wa bati aliyewahi kunyoosha bodi isiyo na chesisi kwa vipimo, si kwa macho, pia namtafuta. Na mwenye 240Z ya usukani kulia iliyo nzima, naomba aniruhusu nije na simu nipige picha kila kona, kila klipu, kila waya unapopita. Nitakuja na vile vifuko mia tatu.

Jumamosi nakwenda na lori na binamu zangu kuchukua kila kilicho changu, pamoja na ile ndoo. Walio karibu na wenye nafasi waje na sumaku na tochi. Nyuma ya gereji kuna lundo la mchanga uliokwisha kutumika, na nadhani kile kibati kimo humo.