Mrejesho: Mzee na kipimo cha PSA

Ndugu zangu, niliwauliza kama baba yangu, mwenye miaka 68, akatwe mara moja kipande kidogo cha tezi dume ili kichunguzwe, kwa kuwa PSA yake (kipimo cha damu kinachoweza kuashiria tatizo la tezi dume) ilifika 9. Nawashukuru mlioshauri tuanze na MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Tulifanya hivyo Kampala, na kipande kilichokatwa kwa kufuata picha hiyo kilionyesha saratani ya Gleason 6 (daraja la chini la ukali), iliyo bado ndani ya tezi. Daktari alitueleza utafiti wa ProtecT wa Uingereza, ambamo wanaume 1,643 waligawanywa kwa kura kati ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji (kupimwa mara kwa mara bila kutibiwa kwanza), na baada ya miaka 15 takriban asilimia 3 tu walikuwa wamefariki kwa saratani hiyo, bila tofauti kubwa kati ya makundi. Mzee amechagua ufuatiliaji. Mama bado ana wasiwasi, nami namwelewa.