Naomba ushauri: kupima kama eksoskeletoni ya mgongo inawafaa wapakiaji mizigo

Wakuu, nauliza kuhusu eksoskeletoni (fremu inayovaliwa mwilini kusaidia misuli), zile zisizotumia betri, za springi, zinazopunguza mzigo wa kiuno kwa kuegemea kifua na mapaja. Kazi yenyewe ni kupanga mifuko ya kilo 25 kwenye paleti.

Mpango: dakika 30 mtu akiwa amevaa, 30 bila kuvaa; nusu ya watu waanze na kuvaa, la sivyo uchovu utapotosha matokeo. Kila dakika 10 ataje ugumu kwa kipimo cha Borg, 0 hadi 10: mgongo, kifua na paja, kila kimoja peke yake. Mwisho dodoso la SUS (la kupima urahisi wa kutumia kitu), maswali 10.

Shida iko hapo. SUS ilitungwa kwa mifumo ya kompyuta. Haiulizi joto chini ya pedi ya kifua, wala springi inayokusukuma nyuma ukichuchumaa kuokota kilichoanguka. Kifaa kinaweza kupata alama zaidi ya 68 kati ya 100, ule wastani unaotajwa, kisha kikaishia kuning'inia ukutani.

Mnaongezea maswali gani? Jaribio liendelee zamu ngapi hadi upya wa kifaa uishe? Na elektrodi za EMG (kipimo cha umeme wa misuli) mnazibandika vipi mikanda isizisugue?